Miaka 18 imepita, nitashindania wapi? Maswali yenu kuhusu ushangiliaji wa mashindano

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioko Marekani, Uingereza na Kanada. Watoto wao wanacheza ushangiliaji wa mashindano, au wao wenyewe waliwahi kuucheza, na sasa wanauliza kama mtu mzima bado ana nafasi. Tuelewane kwanza: hatuzungumzii kupunga pomu, yale mafungu ya nyuzi za rangi, pembeni mwa uwanja timu nyingine ikicheza. Huu ni mchezo unaojitegemea. Timu inapanda kwenye mkeka wa futi 54 kwa 42 (kama mita 16.5 kwa 12.8) na kwa muda usiozidi dakika 2 na sekunde 30 inanyanyua watu, inawarusha na kuwadaka, inajenga piramidi za watu, inapiga sarakasi na kucheza, huku majaji wakiandika alama.

SWALI: Nina miaka 34, watoto wawili, naishi Brooklyn Park, Minnesota. Nilicheza miaka miwili nikiwa sekondari hapa hapa. Binti yangu sasa yuko kwenye jimu (klabu ya mazoezi) moja na kila nikimpeleka natamani kurudi. Kocha wake aliniambia timu zote zinaishia miaka 18. Ni kweli?

Mama, alichosema kocha huenda ni kweli kwa jimu yake. Kwa mchezo wenyewe si kweli. Timu za klabu hupangwa kwa umri na kwa ngazi, yaani ugumu wa wanachoruhusiwa kufanya, na makundi ya watoto na vijana yana umri wa chini na wa juu. Pembeni yake kuna makundi yanayoitwa ya wazi, ambayo kwenye ratiba za mashindano utayaona yameandikwa Open au International Open. Kundi la wazi lina umri wa chini tu, kwa kawaida katikati ya ujana, na huko juu halina kikomo. Ukiwa na 34 au 44 unaruhusiwa, mradi ujuzi wako unalingana na ngazi ya timu. Hata kwenye mashindano ya juu kabisa ya klabu, The Cheerleading Worlds, yanayofanyika Orlando, Florida, kila mwaka mwishoni mwa Aprili, timu za wazi zina makundi yao.

Kinachokwamisha watu wazima wa Marekani ni ngazi. Timu nyingi za wazi huko ziko ngazi za kati na za juu, wachezaji wake wengi wakiwa vijana wa chuo waliokulia kwenye mchezo. Timu za wazi za wanaoanza ni chache. Kwa hiyo usipige simu kuuliza "mnachukua watu wazima?", maana utajibiwa hapana na simu itakatwa. Uliza hivi: mna timu ya wazi? Iko ngazi gani msimu huu? Umri wa wachezaji wake ni kuanzia ngapi hadi ngapi? Mnafanya lini mchujo? Jimu nyingi za Marekani hufanya mchujo Mei au Juni, hupanga onyesho wakati wa kiangazi, na hushindana kuanzia Novemba hadi Aprili. Ukipiga simu Oktoba utakuta kila nafasi kwenye piramidi imeshapata mtu. Hata hivyo usikate simu hapo: waambie wakuweke akiba. Kila msimu kuna anayeteguka kifundo cha mguu Desemba, na timu hutafuta mtu kwa pupa.

Kama hakuna timu ya wazi karibu nawe, kuna njia nyingine tatu. Ya kwanza ni timu ya wazazi. Jimu kadhaa hukusanya wazazi kwa miezi miwili mitatu, huwafundisha onyesho fupi la ngazi ya 1, na huwapandisha mkekani kwenye mashindano ya watoto kama onyesho lisilogombea nafasi. Jimu ya binti yako ikiwa haina, wewe na wazazi wengine wanane mnatosha kuianzisha. Ya pili ni madarasa ya watu wazima ya jioni, ya kujifunza bila kushindana. Ya tatu ni timu za hisani za watu wazima katika miji mikubwa, kama CHEER San Francisco iliyoanza mwaka 1980 na CHEER New York. Hizi hutumbuiza kwenye maandamano ya Pride na hafla nyingine, na huchangisha fedha za kusaidia wagonjwa. Kiwango chao kiko juu, na mtu wa miaka 40 hashangazwi mle.

Na kwa kuwa uko Minnesota: ushangiliaji wa kupangwa ulianzia huko huko, Chuo Kikuu cha Minnesota, tarehe 2 Novemba 1898, mwanafunzi Johnny Campbell aliposimama mbele ya mashabiki na kuwaongoza. Wanawake waliingia kwenye kikosi cha chuo hicho mwaka 1923. Kwa hiyo kaka anayeandika hapa chini asione haya.

SWALI: Mimi ni mwanaume, miaka 27, kilo 95, niko Dallas. Nanyanyua vyuma gym lakini sijawahi kupiga hata gurudumu la mikono. Jamaa zangu wanasema nitachekwa. Je, bila sarakasi nitapata timu?

Kaka, Dallas ni kati ya sehemu zenye jimu nyingi za mchezo huu duniani, na mtu wa umbo lako anatafutwa. Sarakasi usiiogope sana. Karatasi ya alama ya timu za taifa, ile ya shirikisho la kimataifa la ICU, ina alama 100, na zimegawanywa hivi: kuongoza shangwe 10, minyanyuo 25, piramidi 25, mirusho 15, sarakasi ya sakafuni 10, mtiririko wa onyesho 5, na mwonekano wa jumla 10. Ukijumlisha minyanyuo, piramidi na mirusho unapata 65. Mashindano ya klabu hutumia karatasi tofauti zinazoipa sarakasi uzito zaidi, lakini picha haibadiliki sana: anayejua kubeba ana kazi.

Kikundi cha kawaida cha kunyanyua kina watu wanne. Yuko anayepanda juu, ambaye jimuni utasikia akiitwa flaya. Chini yake wako beisi wawili wanaotazamana, na nyuma yuko bekispoti, anayeshika vifundo vya miguu vya flaya, anayevuta kwenda juu, na ambaye kazi yake ya kwanza ni kuokoa kichwa na shingo ya flaya mambo yakiharibika. Bekispoti mzuri ni mrefu na ana sauti, kwa sababu ndiye anayehesabu.

Sasa hapa ndipo wanyanyua vyuma wanapokosea. Unaingia umezoea kusukuma kwa mikono na mabega, nawe una nguvu, basi unampandisha flaya kwa mikono. Ukifanya hivyo mguu wa flaya ulioushika wewe unatangulia, ulioshikwa na beisi mwenzako unachelewa, na flaya anainama upande wa yule dhaifu. Mnyanyuo unatoka miguuni. Simama miguu ikiwa na upana wa mabega, mgongo wima, na kifua usikilaze mbele. Kwenye hesabu ya kushuka kunja magoti kidogo tu. Kwenye hesabu ya kupanda nyoosha miguu yote kwa pamoja, na mikono ifuate kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Uzito ukifika kifuani, viganja vikae chini ya kidevu, karibu na mtulinga, viwiko vikiwa ndani vimegusa mbavu. Ukiacha viwiko vitoke nje, mabega yanachoka ndani ya sekunde tano na mikono inaanza kutetemeka, na tetemeko hilo flaya analisikia kwenye nyayo.

Umbali kati yenu ni jambo la pili. Beisi wakisimama mbali, miguu ya flaya inachanuka, naye hawezi kuibana, kwa hiyo anaangukia katikati. Wakikaribiana mno wanagongana vichwa wakati wa kushuka. Kipimo rahisi: vidole vya miguu yako na vya mwenzako vitenganishwe na nafasi ya mguu mmoja hadi miwili, kisha mrekebishe kwa upana wa nyonga za flaya.

Na la tatu, ambalo kocha atakupigia kelele zaidi: flaya akianza kuanguka, usirudi nyuma. Mwili unataka kukwepa, ni silika. Beisi husogea kuelekea anakoangukia, mikono juu, na kumpokea mapema, akiwa bado juu, halafu wanashuka naye. Ukimsubiri afike kiunoni kwako ameshapata kasi, na utapokea kiwiko puani. Zoezini wengi wa watu wazima hushindwa hapa, si kwenye nguvu.

Kuhusu sarakasi, jifunze kubiringika mbele, kusimama kwa mikono, gurudumu la mikono na raundofu, yaani gurudumu linaloishia kwa kutua miguu yote miwili pamoja. Hizo nne zinatosha kukuweka nyuma ya mkeka ukifanya kitu cha maana wakati wenzako wanaruka. Na kwenye mchujo taja uzito wako na kiasi unachonyanyua bila kona kona. Makocha wanapanga vikundi kwa kimo na nguvu, na wakijua mapema watakupatia beisi mwenzako wa kimo chako. Beisi wawili wakitofautiana kimo kwa zaidi ya sentimita 7 au 8, mfupi analipa kwa mabega yake msimu mzima.

SWALI: Niko London, miaka 24, kazi ya ofisini. Klabu moja imeniambia wana timu ya ngazi ya 1 na ya 3. Tofauti ni nini, na naweza kuanza na ya 3? Sitaki kuonekana na watoto.

Ngazi hazipimi umri wako, dada. Zinapima unachoruhusiwa kufanya. Ziko saba. Ngazi ya 1 mnyanyuo wa miguu miwili unaishia kwenye mabega ya beisi, wa mguu mmoja unaishia kiunoni, mrusho hakuna kabisa, na sarakasi ni ile ambayo mkono au mguu uko chini muda wote: kubiringika, gurudumu, raundofu, kupita daraja. Ngazi ya 2 mikono ya beisi inanyooka juu kabisa kwa mnyanyuo wa miguu miwili, mguu mmoja unafika mabegani, mrusho wa moja kwa moja bila pambo unaruhusiwa, na kupinduka nyuma kwa mikono kunaingia. Ngazi ya 3 flaya anasimama kwa mguu mmoja juu ya mikono iliyonyooka, na wachezaji wanatarajiwa kupiga samasoti ya nyuma, yaani kupinduka hewani bila mikono kugusa chini, baada ya kukimbia na raundofu. Kutoka hapo kuna samasoti zilizonyooshwa, kisha zenye mzunguko mmoja, kisha miwili kwenye ngazi ya 6. Ngazi ya 7 ni ya timu za wazi, na ndipo piramidi inaporuhusiwa kufika kimo cha watu wawili na nusu.

Usianze na ya 3. Ngazi zinapanda kwa sababu ya kudaka. Kikundi kisichojua kumpokea flaya kutoka mabegani hakiwezi kumpokea kutoka juu ya mikono iliyonyooka, ambako kichwa chake kiko zaidi ya mita 3 kutoka chini. Huko Uingereza una bahati ambayo dada zako wa Marekani hawana: timu za watu wazima na za vyuo vikuu za ngazi ya 1 na 2 zipo, na wanaoanza wakiwa na miaka 19 au 25 ni jambo la kawaida, kwa kuwa wengi wao hawakukutana na mchezo huu shuleni. Hutasimama na watoto. Utasimama na wahasibu na wauguzi wanaokimbilia zoezini saa mbili usiku.

SWALI: Nimeanza chuo cha jamii (cha miaka miwili) Texas nikiwa na miaka 29. Ninaweza kujiunga na timu ya chuo?

Ndiyo, ukiwa umesajiliwa kwa masomo ya muda wote na alama zako zikiwa nzuri. Kinachoangaliwa kwanza ni usajili, halafu kanuni za waandaaji kuhusu idadi ya miaka ya kushindana, kwa hiyo mwulize kocha kabla ya kununua viatu. Mashindano mawili makubwa ya vyuo yanafanyika Florida: ya UCA (Universal Cheerleaders Association) huko Orlando mwezi Januari, na ya NCA (National Cheerleaders Association) huko Daytona Beach mwezi Aprili. Vyuo vya miaka miwili vina makundi yao, na baadhi vina timu kali kuliko vyuo vikuu vikubwa. Navarro, cha Corsicana huko huko Texas, ni cha miaka miwili, na huko mchujo ni wa wanasarakasi waliokomaa. Chuo kidogo kisicho na jina huenda kikakufaa zaidi.

SWALI: Mume wangu anataka kujua gharama kabla hajakubali. Tumesikia za watoto ni kubwa sana.

Mwambie gharama ziko kwenye mafungu, na jimu nyingi hutaja fungu moja tu mwanzoni: ada ya mwezi. Nyuma yake kuna sare, ambayo peke yake ni mamia ya dola kwenye klabu za Marekani, malipo ya mpangaji wa onyesho, muziki ulionunuliwa kihalali, uanachama wa chama cha mchezo pamoja na bima, kiingilio cha kila shindano kwa kila mchezaji, kisha safari na hoteli. Omba zote ziandikwe kwenye karatasi moja kwa msimu mzima, na utaje tarehe za kulipa.

Kuna mambo mawili ya kusoma mara mbili kwenye mkataba. La kwanza ni adhabu ya kuacha katikati. Mchezaji mmoja akitoka, kikundi cha wanne kinavunjika na onyesho linapangwa upya, kwa hiyo jimu huandika adhabu, na si haba. Uliza inakuwaje ukipata mimba, ukihamishwa kazi au ukiumia. La pili ni kinachoitwa bidi, yaani mwaliko wa kwenda Worlds unaopatikana kwa kushinda mashindano mengine. Ziko bidi zinazolipiwa gharama zote, zinazolipiwa sehemu, na zile za kuruhusiwa tu, ambazo kila senti inatoka mfukoni mwako. Timu ikishangilia kupata bidi, uliza ni ya aina gani kabla hujarusha kofia.

Timu za wazi mara nyingi ni nafuu kuliko za watoto kwa sababu hufanya mazoezi siku moja au mbili kwa wiki, saa mbili hadi tatu kila mara, na husafiri mara chache. Lakini hesabu pia muda: wiki mbili kabla ya shindano kocha huongeza zoezi, na kukosa zoezi hilo bila sababu ya maana huweza kukutoa mkekani.

Na wote waliopita miaka 18 mlioko Marekani mjue hili. Klabu yenye watoto itawataka mfanyiwe uchunguzi wa rekodi na msome kozi ya kuwalinda watoto. Msione mnashukiwa. Jimu isiyouliza kitu ndiyo ya kutilia shaka.

SWALI: Nina miaka 41. Nilikuwa napinduka nyuma kwa mikono nikiwa na miaka 19. Juzi nilijaribu kwenye majani nyuma ya nyumba nikaanguka kwa bega. Niache?

Usiache dada, ila majani uyaache. Mwili unakumbuka mwendo, lakini vifundo vya mikono na mgongo havikumbuki mzigo. Anza navyo. Piga magoti, weka viganja chini na yumbisha uzito mbele na nyuma mara 10, kisha geuza vidole vikutazame wewe na urudie. Fanya hivyo kila siku. Simama kwa mikono tumbo likitazama ukuta, sekunde 30 mara tatu, mabega yakisukuma hadi yaguse masikio. Piga daraja na mikono iliyonyooka, sekunde 10. Ukisikia maumivu kwenye kiuno, mabega yako ndiyo yaliyokaza na kiuno kinafidia, kwa hiyo fungua mabega kwanza, wiki kadhaa ikibidi.

Hayo yakikaa sawa, nenda kwenye jimu yenye mkeka wa mviringo, ule unaofanana na pipa. Unauegemea kwa mgongo, unabiringika juu yake hadi mikono ifike chini, unapita kusimama kwa mikono, unashusha miguu. Kisha fanya kwenye mkeka wa mteremko ukiwa na wasaidizi wawili, kila mmoja mkono mmoja kwenye kiuno chako na mwingine nyuma ya paja. Halafu trampolini ndefu. Sakafu yenye springi ni ya mwisho, na sakafu ngumu huna haja nayo kabisa, kwa kuwa mashindano ya klabu Marekani hufanyika kwenye springi.

Kosa lililokuangusha karibu tuna hakika nalo. Watu wanaorudi baada ya miaka mingi huogopa kwenda nyuma, basi wanaruka kwenda juu. Magoti yanatangulia mbele ya vidole, nyonga zinabaki chini, na unatua karibu mno na ulipotoka, kichwa au bega likiwa chini kabla ya mikono. Kaa kwanza kana kwamba kuna kiti nyuma yako, magoti yasipite vidole, hadi uhisi unaanguka. Hapo ndipo unyooshe miguu na kurusha mikono. Mkono ugeuke ndani kidogo ukitua, kwani vidole vikitazama nje kiwiko hubeba kishindo ambacho hakikuumbiwa. Na kama unajipinda kwenda upande mmoja, shida iko shingoni: unageuza kichwa kutafuta ardhi. Macho yafuate mikono.

Kipigo cha kichwa kina sheria moja: umetoka zoezini siku hiyo, hata kama unajisikia mzima, na usirudi hadi daktari akuruhusu. Kichefuchefu, mwanga kuumiza macho au kusahau hesabu ya onyesho ni dalili za mtikisiko wa ubongo.

Kwa umri, Tokyo liko kundi la Japan Pom Pom, la wanawake waliopita miaka 55. Lilianzishwa mwaka 1996 na Fumie Takino akiwa amevuka 60. Wao hucheza kwa pomu, hawarushani. Bado uko mbali nao.

SWALI: Mimi ni Mwislamu, navaa hijabu, naishi Columbus, Ohio. Nilizaliwa Mombasa. Napenda mchezo huu lakini sare zake na kushikwa na wanaume vinanikwaza. Kuna njia?

Ipo, na haihitaji kubembeleza. Kuhusu wanaume, mashindano hutenganisha makundi ya wanawake pekee na ya mchanganyiko. Kwenye ratiba tafuta timu iliyosajiliwa kundi la wanawake, kisha uliza kama makocha wanaosaidia wakati wa kunyanyua nao ni wanawake. Swali hilo la pili husahaulika, na kumbe kocha ndiye atakayekudaka miezi mitatu ya mwanzo.

Kuhusu sare, uliza kabla haijaagizwa, maana hushonwa kwa vipimo mwanzoni mwa msimu. Mikono mirefu na suruali ya kubana chini ya sketi vinaweza kushonwa kwa rangi za timu. Kitambaa ndicho cha kuangalia. Suruali inayoteleza ni hatari kwenye minyanyuo ya mapajani, ambako flaya anakanyaga paja lako, na kwenye kumdaka aliyelala mikononi. Chagua kitambaa chenye mkwaruzo kidogo, kisicho na mng'ao. Hijabu iwe ya michezo, kipande kimoja, imebana shingoni, bila pini hata moja: vitu vigumu na vito vinakatazwa mwilini kwa sababu vinakata na kunasa. Ncha zote zichomekwe ndani ya blauzi. Jaribu kuruka nayo, kupinduka kichwa chini na kudakwa nayo zoezini, usisubiri siku ya shindano. Na kocha aandikie waandaaji barua pepe wiki kadhaa mapema, jibu lao alichapishe, alibebe mfukoni. Mwamuzi wa usalama akiuliza dakika tano kabla ya kupanda, karatasi inamaliza mjadala.

SWALI: Sisi ni kikundi cha sarakasi Mombasa, tuko 14, wa miaka 20 hadi 31. Tumeona video za ushangiliaji na piramidi zao ni rahisi kuliko zetu. Tunaweza kushindana?

Ndugu zetu, piramidi zenu za watu watatu juu ya mabega zingekatwa alama. Kanuni za ushangiliaji zinaweka kikomo cha kimo: watu wawili kwenda juu kwa ngazi sita za kwanza. Zinadai pia kitu ambacho sarakasi ya kwetu haikidai, yaani kila aliye juu awe na watu wa chini wanaomtazama na walio tayari kumdaka muda wote, na akishuka kutoka juu adakwe, asijirukie mwenyewe hadi chini. Mazoea yenu ya kupanda bega kwa bega yatawasumbua, kwa sababu hapa mguu hushikwa kwa viganja. Mtahitaji miezi ya kujifunza mshiko huo tu. Faida yenu ni uwiano na kutoogopa kimo, na sarakasi ya sakafuni mnayo tayari.

Msifanyie kwenye lami, saruji wala mchanga wa ufukweni. Mchanga hudanganya, unaonekana laini lakini unazamisha mguu wa beisi mmoja na kuegemeza kikundi kizima. Mikeka ya judo iliyofungwa pamoja isiachane inatosha kwa minyanyuo ya ngazi ya 1 na 2.

Kuhusu kushindana, ICU ina wanachama katika nchi zaidi ya 100, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua rasmi Julai 2021. Timu ya taifa huingia kwenye mashindano ya dunia kupitia shirikisho la nchi yake, ikiwa na watu 16 hadi 24. Kwa hiyo ninyi 14 mmepungukiwa wawili. Waandikieni ICU kuuliza njia ya nchi yenu, pakueni kitabu cha kanuni kutoka tovuti yao, na anzeni na ukurasa wa ngazi zinazoruhusiwa. Mkishapata hao wawili wa nyongeza, waweke kuwa mabekispoti.